Maneno ya ushairi wa Kiingereza yalikuja kwa mkopo

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu wa kidato cha tano na sita, mambo vipi, naona wa nyuma kule washaanza kuegemea ukuta na mimi sijasema hata neno moja.

Nimeombwa niongee kuhusu maneno na istilahi za ushairi wa Kiingereza, zile ambazo mkizikuta kwenye karatasi ya mtihani mnazitumbulia macho. Mwalimu wenu kanionyesha baadhi ya majibu yenu, majina aliyafunika msiogope, na nilichokiona ni kwamba kila shairi mmeliandikia iambic pentameter. Kila shairi! Shairi liwe la mapenzi, liwe la vita, liwe la mtu analia kaburini, jibu ni lilelile. Sasa mimi siwalaumu, mtu akipewa neno gumu bila kuambiwa limetoka wapi na linafanya kazi gani atalikariri tu na kulibandika popote penye nafasi.

Ninachotaka mkijue leo ni kimoja. Haya majina hayakutungwa na washairi wa Kiingereza kwa ajili ya Kiingereza. Mengi yaliazimwa, kwa Wagiriki, kwa Warumi, kwa Waitaliano, kwa Wafaransa, na yalipofika pale Uingereza yakakuta lugha yenye tabia zake nyingine kabisa, ikabidi washairi wenyewe wapigane nayo miaka na miaka. Kwa hiyo ukiona istilahi haikukai kichwani usijione mjinga, hata wakubwa wao iliwatesa, na nitawapa ushahidi.

Tuanze na sikio kwanza kabla ya majina.

Sisi kwenye Kiswahili mkazo wa neno unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kwa hiyo hatuusikii tena, upo upo tu. Ila kuna neno moja linatuumbua, barabara. Ukisema gari limepita barabara ya vumbi unakaza ba ya karibu na mwisho, BA-ra, si ndiyo, lakini ukisema kazi imefanyika barabara, yaani sawasawa, mkazo unarudi nyuma kwenye ra ya kwanza. Herufi zilezile, silabi nne zilezile, na hakuna mtu hapa atakayechanganya. Sasa Kiingereza kizima kiko hivyo. Wana record ambayo ni jina na record ambayo ni kitenzi, present hivyohivyo, mkazo ukihama na neno limehama. Na silabi ambayo haina mkazo wao wanaimeza, wanaipitia haraka mpaka vokali yake inafifia, ndiyo maana mkiwasikia wenyewe wanaongea mnahisi kama wanakula nusu ya maneno.

Hapo ndipo ushairi wetu na wao unapoachana njia. Mshairi wetu anahesabu mizani, silabi nane na nane, kumi na sita kwa mshororo, na kila silabi ina thamani yake sawa na mwenzake. Mshairi wa Kiingereza anasikiliza mapigo, wapi pamekazwa na wapi pamelegezwa. Mwanafunzi wa kwetu akifundishwa pentamita anaenda kuhesabu silabi kumi kwa vidole, zikitimia anafurahi anaandika jibu. Vidole havitakusaidia hapo. Kumi inaweza kutimia na mdundo usiwepo.

Nani hapa hajui Twinkle twinkle little star? Wote mnaijua, mliimba chekechea mkiwa na kamasi. Ule ni ushairi wa Jane Taylor, mwanamke wa Uingereza, ulichapwa mwaka 1806. Haya piga meza na mimi, TWIN-kle TWIN-kle LIT-tle STAR. Mkono unashuka mwanzoni mwa kila jozi, nzito kisha nyepesi, nzito kisha nyepesi. Hiyo wanaiita troki. Umeijua troki tangu una miaka mitatu, tatizo hukuambiwa jina tu. Na angalieni mwishoni, star imebaki peke yake haina mwenzake mwepesi, silabi ni saba badala ya nane, hilo pengo ndilo linalokupa nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya mstari unaofuata. Wana jina la hilo pengo pia, la Kigiriki, refu, mtalikuta vitabuni, leo tuliache.

Geuza hiyo jozi, nyepesi kwanza nzito baadaye, umepata aiambi. Chukua mstari wa kwanza wa ile elegia, yaani shairi la maombolezo, ya Thomas Gray iliyochapwa 1751, The curfew tolls the knell of parting day. Isome ukipiga meza, the CUR-few TOLLS the KNELL of PART-ing DAY. Meza imepigwa mara tano, na penta kwa Kigiriki ni tano, basi, hiyo ndiyo pentamita ya aiambi, hakuna uchawi mwingine. Mkisoma shairi na meza ikapigwa mara nne msiandike pentamita, nawaomba.

Ila sasa ngojeni, maana hapa kuna kitu ambacho vitabu vya shule vinakipita mbio, na mimi ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote.

Wagiriki na Warumi walipotumia hilo neno aiambi hawakuwa na maana ya nzito na nyepesi. Wao walikuwa wanapima urefu, silabi ndefu na silabi fupi, yaani muda unaotumia kuitamka, kama vile kwenye muziki nota ya kuvuta na nota ya kukata. Kwenye Kilatini hata silabi ambayo vokali yake ni fupi, ikifuatwa na konsonanti mbili, inahesabiwa ndefu, ndiyo sheria. Sasa karne ya 16 wasomi wa Uingereza walikuwa wamelelewa kwa Kilatini shuleni, wakawa wanaona aibu na lugha yao, wanasema Virgil, mshairi mkuu wa Warumi, hakutumia vina, Homer wa Wagiriki hakutumia vina, vina ni mambo ya washamba, sisi nasi tupime kwa urefu kama wakubwa.

Mshairi Edmund Spenser akiwa bado kijana akawa anaandikiana barua na rafiki yake wa Cambridge, Gabriel Harvey, barua zao zikachapwa 1580. Wanajadili hilo hilo, jinsi ya kukipeleka Kiingereza kwenye sheria za Kilatini. Ndipo Spenser akakwama kwenye neno carpenter. Fundi seremala! Kila Mwingereza analitamka akikaza mwanzo, CAR-penter, ile pen ya katikati ni fupi wanaipitia juu juu. Lakini kwa sheria ya Kilatini ile pen imefuatwa na n na t, konsonanti mbili, kwa hiyo lazima iwe ndefu, lazima uivute, car-PEEEN-ter. Spenser anamwandikia mwenzake kwamba ukilisoma hivyo kwenye shairi linaonekana kama kifaranga wa bata bukini aliye kiwete anayeburuta mguu mmoja nyuma. Hayo ni maneno yake mwenyewe. Mimi kila nikiona mwanafunzi anavuta Kiingereza kisichovutika namkumbuka huyo kifaranga.

Mradi ukafa, japo haukufa siku moja. Mwaka 1602 Thomas Campion, ambaye jamani alikuwa mtunzi wa nyimbo nzuri sana zenye vina, akatoa kitabu cha kuponda vina na kutetea mizani za Kilatini, na mwaka uliofuata, 1603, Samuel Daniel akamjibu kwa kitabu cha kutetea vina, hoja yake kubwa ikiwa kwamba desturi na sikio la watu wenyewe ndiyo sheria, hatuhitaji kibali cha Ugiriki. Wakubwa hapa mnaokumbuka mabishano ya miaka ya sabini kwetu, kati ya watu wa vina na mizani na watu wa mashairi huru, baada ya Kezilahabi kutoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mtaona ugomvi ni wa ukoo mmoja, ila kwao mpinga vina alikuwa ndiye anayejiona mshika dini ya zamani. Kwetu mshika dini alikuwa mtu wa vina. Inachekesha kidogo.

Kilichobaki baada ya vita hivyo ni majina. Waingereza waliendelea kupima kwa mkazo, kama lugha yao inavyotaka, lakini wakabaki na majina ya Kigiriki ya kupimia urefu. Aiambi, troki, daktili, anapesti, yote hayo. Kwa hiyo ukifungua kamusi ukakuta aiambi ni fupi kisha ndefu, na mwalimu anasema ni nyepesi kisha nzito, wote wawili wako sawa, ni koti moja lililoshonewa mtu mmoja likavaliwa na mwingine. Hata mshairi Coleridge alitunga kashairi ka kumfundishia mtoto wake hizo hatua za mashairi, kila mstari unatembea kwa hatua inayoitaja, na hata yeye humo anasema ndefu na fupi huku sikio lake linapiga mkazo. Kama mtoto wa Coleridge alihitaji tyusheni, sembuse wewe.

Tuje kwenye vina basi, maana tumevitaja.

Kiswahili kina vina vya kumwaga. Maneno yetu yanaishia na vokali, tano tu, unaweza kutunga beti mia usiishiwe, kazi ni kuvifanya visichoshe. Kiingereza kina njaa ya vina. Love, neno la mapenzi, neno ambalo mshairi yeyote analihitaji kila siku, vina vyake vizuri ni dove, above, glove, shove, na labda kingine kimoja au viwili. Njiwa, juu, glovu na kusukuma. Ndiyo maana kwenye mashairi ya zamani ya mapenzi njiwa hakosekani, hakuja kwa hiari yake. Mshairi Chaucer, aliyekufa mwaka 1400, alishalalamika wazi kabisa mwishoni mwa shairi alilolitafsiri kutoka Kifaransa kwamba Kiingereza kina uhaba wa vina, anateseka kumfuata yule Mfaransa neno kwa neno.

Sasa chukueni uhaba huo mkautie kwenye soneti. Soneti ilizaliwa Sicily karne ya 13, ikakuzwa na mshairi Petrarch huko Italia, mistari 14, na Kitaliano nacho kinaishia na vokali kama sisi, kwa hiyo Petrarch anaweza kurudia kina kilekile mara nne katika mistari minane ya mwanzo na asitokwe jasho. Thomas Wyatt aliileta Uingereza wakati wa mfalme Henry wa Nane, na mwenzake mdogo, Henry Howard yule wanayemwita Surrey, akaona hapana, hii itatuua, akaigawa upya, mafungu matatu ya mistari minne kila fungu na vina vyake, halafu mistari miwili ya kufungia. Vina saba badala ya vinne au vitano. Hiyo ndiyo baadaye ikaitwa soneti ya Shakespeare, kwa sababu soneti 154 za Shakespeare zilichapwa mwaka 1609, akawa kaimaliza kazi. Surrey mwenyewe mfalme alimkata kichwa Januari 1547, mashairi yake yakachapwa miaka kumi baadaye, jina likaenda kwa mwingine. Nikiulizwa mimi ningeiita ya Surrey, lakini mtihani wenu haunisikilizi, andikeni Shakespeare mpate maksi.

Na Surrey huyohuyo alipokuwa anatafsiri Virgil ndiye aliyetoa kwanza ile pentamita isiyo na vina kabisa, ambayo tamthilia za Shakespeare zimejaa nayo, na Milton akaitumia kwenye Paradise Lost ya 1667. Wasomaji wa Milton walishtuka, shairi refu namna hii halina vina? Mchapaji ikabidi amwombe maelezo, Milton akaandika kajisehemu kakali mwaka 1668 kwamba vina ni utumwa na yeye kaurudishia ushairi uhuru wake wa kale. Mwalimu Nyerere alipotafsiri Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, ni mistari ya namna hii isiyo na vina ndiyo aliyokuwa anapambana nayo. Kaitafuteni maktaba msome kwa sauti, mtasikia mtu anatafuta mdundo wa Kiswahili wa kubebea mapigo ya watu wengine.

Haya, sehemu ya pili, na hii nadhani ndiyo wengi mliingoja. Yale maneno. O'er, ne'er, e'en, 'tis, oft, ere, morn, thou, thee. Yametoka wapi na kwa nini hakuna Mwingereza anayeyasema dukani.

Baadhi yake jibu ni rahisi mno na nyinyi tayari mnalijua kwa Kiswahili, ni inkisari. Mtunzi wetu mizani zikimzidia aliyefika anakuwa alofika, silabi tano zinakuwa nne, maisha yanaendelea. Over ni silabi mbili, o'er ni moja. Never mbili, ne'er moja. It is mbili, 'tis moja. Mshairi kazidiwa silabi kakata, basi, hakuna utukufu hapo. Na mazida wanayo pia. Sisi afya tunaivuta kuwa afiya, wao wana ile -ed ya mwisho wa kitenzi, banished kwa kawaida ni silabi mbili, lakini Romeo akifukuzwa Verona mtaona mara nyingi inasomwa banish-ed, tatu, kwa sababu mstari unadai. Mkikuta kialama kidogo juu ya ile e kwenye vitabu vyenu ndiyo kazi yake hiyo, kinakwambia tamka usimeze.

Lakini kuna kundi lingine ambalo halihusiani na kuhesabu, ni fasheni. Karne ya 18 ilikuwa kama kwamba kutaja kitu kwa jina lake kwenye shairi ni utovu wa adabu. Samaki hawaitwi samaki, wanaitwa finny tribe, kabila lenye mapezi. Kondoo ni fleecy care. Jua sio jua, ni Phoebus, mungu wa Wagiriki. Na hapa kuna stori ya watu wawili ambayo lazima niwape yote.

Thomas Gray, yule wa elegia, alikuwa na rafiki yake wa tangu shule, Richard West. Aprili 1742 Gray anamwandikia West barua, humo anasema lugha ya zama kamwe sio lugha ya ushairi. Yaani ushairi una lugha yake, ya kando, ya kurithi, sio hii tunayoongea. Sawa. Tarehe 1 Juni mwaka huohuo West akafa, ana miaka 25. Gray akamtungia soneti ya maombolezo na kuifungia, haikuchapwa mpaka 1775 wakati Gray mwenyewe ameshakufa. Soneti inaanza kwa lugha ile aliyoitetea kwenye barua, asubuhi zinatabasamu, Phoebus mwekundu anainua moto wake wa dhahabu, ndege wanaimba wimbo wao wa mahaba. Halafu inaishia hivi, And weep the more because I weep in vain. Nalia zaidi kwa kuwa nalia bure. Hakuna neno hata moja hapo ambalo muuza mkate wa London asingelisema.

Mwaka 1800 William Wordsworth anaandika dibaji ya toleo la pili la diwani ya Lyrical Ballads, na hoja yake ni kwamba lugha ya shairi zuri haitofautiani na lugha ya nathari nzuri, mshairi aongee kama mtu anayeongea na watu. Anatafuta mfano wa kumchapa nao fimbo Gray, anachukua soneti hiyohiyo ya West, anaichapa nzima, halafu anaweka kwa herufi za mlalo mistari ambayo yeye anaona ina thamani. Ni mitano kati ya 14. Na ule wa mwisho umo. Phoebus hayumo.

Mimi nakubaliana na Wordsworth kuhusu ile mitano, sikubaliani naye kuhusu ile tisa. Ukiisoma soneti nzima ule mwanzo wa madoido una kazi, dunia imevaa nguo zake za sherehe na huyu mtu hawezi kuzivaa, ndipo lugha yenyewe inamvua mpaka anabaki na maneno matupu. Ukikata Phoebus ule mstari wa mwisho hauumi vilevile. Lakini hayo ni yangu, mtu anaruhusiwa kubisha.

Na huyu Wordsworth aliyepiga vita lugha ya kishairi, twende kwenye lile shairi lake la maua ya daffodili ambalo nyote mmelikariri, lilichapwa 1807. That floats on high o'er vales and hills. O'er! Mbele kidogo, For oft, when on my couch I lie. Oft! Mizani ni mizani bwana, ikikubana inakubana, dibaji utaikumbuka baadaye. Coleridge rafiki yake alikuja kumsahihisha kwa upole kwenye kitabu chake cha 1817, akisema hata wewe mwenyewe huandiki hivyo unavyohubiri.

Kuhusu yale mengine nitapita haraka, maana naona saa.

Kuna istilahi zilizoanza kama tusi. Pathetic fallacy, ile ya mvua kulia na upepo kuomboleza, John Ruskin alipoitunga mwaka 1856 alikuwa analalamika, fallacy ni kosa la fikra, alikuwa anasema mshairi kalewa na hisia zake mpaka anaona povu la bahari ni katili. Leo mnaiandika kwenye mtihani kama sifa ya mshairi. Metaphysical poets nayo, akina John Donne, Samuel Johnson alipolikazia hilo jina hakuwa anawapongeza.

Kuna zilizotamkwa mara moja zikaenea. John Keats, Desemba 1817, anawaandikia wadogo zake wawili barua, katikati anataja negative capability, uwezo wa mtu kukaa ndani ya shaka na fumbo bila kukimbilia kutafuta jibu. Hakuirudia tena kwenye barua zake nyingine. Ana miaka 22 hapo, akafa na 25, na mpaka leo watu wanaandika tasnifu juu ya hayo maneno mawili.

Kuna zilizopewa watu ambao hawakuwahi kuzisikia. Mnajua kwenye Beowulf, shairi la Kiingereza cha kale, mistari 3,182, bahari inaitwa njia ya nyangumi. Hiyo wasomi wanaiita keningi, neno ambalo limetoka Iceland, kwenye maandishi ya Snorri Sturluson wa karne ya 13, mtunzi wa Beowulf hakulijua. Yeye alichojua ni mapigo manne kwa mstari, pumziko katikati, na maneno yaanze kwa sauti inayofanana kuunganisha pande mbili. Hakuna vina vya mwisho, hakuna aiambi. Nyinyi mnaosikiliza hip hop mna sikio la karibu na hilo kuliko mnavyofikiri, jaribuni kumsoma kwa sauti.

Na kuna Gerard Manley Hopkins, padri, ambaye alichoka na koti la Wagiriki akashona lake. Alihesabu mapigo tu, silabi nyepesi ziwe ngapi ziwe hajali, akaiita sprung rhythm, na akajitungia maneno kama inscape kwa ule umbile wa ndani unaokifanya kitu kiwe chenyewe. Alikufa Dublin mwaka 1889 karibu hakuna anayemjua kama mshairi. Rafiki yake Robert Bridges ndiye aliyeyakusanya mashairi yake akayachapa 1918. Mkija kumsoma msimpime kwa kuhesabu silabi, mtachanganyikiwa, pigeni meza.

Stanza je? Kitaliano, maana yake chumba. Na ubeti wetu ni bayt ya Kiarabu, nyumba. Mshangae wenyewe.

Naona kuna mkono pale, dada wa mstari wa tatu, sema. Anauliza kama anaweza kutumia thou kwenye shairi lake la Kiingereza ili lionekane la heshima.

Swali zuri, na nitakusikitisha. Thou haikuwa ya heshima. Ilikuwa umoja wa kawaida, na you ilikuwa ya wengi, halafu kuanzia karne ya 13 kwa kuiga adabu za Kifaransa wakaanza kumwambia mkubwa mmoja you, kama wenzetu wa Kongo wanavyotumia vous kwa Kifaransa. Thou ikabaki ya mtoto, ya mpenzi, ya mtumishi, na ya Mungu, sawa na sisi tunavyomwambia Mungu wewe bila kuogopa. Karne ya 17 wale Waquaker, dhehebu la Kikristo, walikataa kumwita mtu yeyote you, hata hakimu mahakamani wanamwambia thou, na hakimu anachukia kweli kweli, wengine walipata nayo matatizo makubwa. Baadaye watu wakaacha kuisema mitaani, ikabaki kanisani na kwenye mashairi, ndipo ikaanza kunukia ubani ikaonekana ya heshima.

Kwa hiyo dada, kama unamtungia mama yako mzazi shairi la heshima, tumia you. Kama unamtungia yule kijana anayejificha nyuma ya nguzo pale, thou itamfaa. Ila kitenzi nacho kibadilike, thou art, thou hast, thou dost, usije ukamwandikia thou are mbele ya mwalimu wako. Kuna mwingine? Hakuna, basi chai ipo tayari nje, walimu watangulie.